Friji ya Kituo Imepona

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya madebe mawili ya rangi, mbele ya kibanda cha fundi viatu tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Ng'ambo ya barabara ni geti la kituo cha polisi. Hapo ndipo tunapomaliza kesi zote kabla hazijafika mahakamani, kwa kahawa ya Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu. Asubuhi hiyo alikuja Fundi Baridi, mtengeneza mafriji, na uso wa mtu anayesubiri kuulizwa. Hatukumuuliza. Akaanza mwenyewe.

FUNDI BARIDI: Ile friji ya kituo bado inapiga kazi. Mwezi wa pili huu, haijakohoa.

REDIO: Friji ya soda za mkuu?

FUNDI BARIDI: Ya ushahidi, bwana. Kuna masanduku yanatoka hospitali. Mtu akibakwa, nesi anamchukua vipimo, anatia kwenye sanduku, analifunga kwa utepe. Polisi ndio wa kulipeleka maabara, ajulikane aliyefanya.

Neno lile lilitushusha sauti. Redio aliweka nyundo chini. Wakati huo mama mmoja alitoka getini, akavuka barabara, akaomba kahawa. Redio akamsogezea nafasi pembeni ya benchi na kumwambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama hakucheka. Alishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa. Na sisi, kwa kuwa kijiwe hakijui kunyamaza, tukaendelea.

Mwenzetu tunayemwita Hakimu alishakohoa. Hajasoma sheria, ila aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi ya ukuta wa jirani, na tangu siku hiyo hatujapumua.

HAKIMU: Sheria mpya inasema hivi. Aliyefanyiwa akishakubali sanduku lipimwe, polisi wana siku kumi kulifikisha maabara. Mtuhumiwa awe kakamatwa, awe hajakamatwa.

REDIO: Sasa kama hajakamatwa, watalinganisha na nani?

HAKIMU: Na waliowahi kupimwa zamani. Mtu wa tabia hiyo hafanyi mara moja. Lakini nao polisi wasisukumwe. Haraka haraka haina baraka.

REDIO: Mimi nasikia yanasubiriwa yajae lori, yapelekwe kwa jumla kama viazi.

HAKIMU: Lori la wapi? Tatizo ni saini. Sheria imesema lipelekwe, haikusema nani apande gari. Kila mmoja anamwangalia mwenzake.

REDIO: Basi niwaambie ukweli wenyewe. Ile mashine ya maabara ikipima inamtaja mtu, inamtaja na baba yake. Wakubwa wana watoto wa kiume. Mashine imefunikwa shuka.

Hapo hata Hakimu alimwomba apunguze sauti, maana geti lilikuwa wazi. Fundi Baridi alichoka kusikia habari za mashine ya watu wengine wakati yake iko pale pale ng'ambo.

FUNDI BARIDI: Mnasumbuka bure. Yakae tu, akiba haiozi. Mngemwona yule koplo wa stoo kabla sijaitengeneza. Friji imekufa, sanduku likiingia jioni, asubuhi yuko njiani nalo maabara, anaogopa lisimharibikie mikononi. Kila mara safari. Sasa hivi mtoto wa watu anapumzika. Masanduku yamo ndani, baridi safi, hata mwaka hayaharibiki.

Tulimpigapiga begani. Tulimsifu kwa dhati, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Shangazi akamwongezea kikombe.

MAMA: Fundi, uliitengeneza lini?

FUNDI BARIDI: Mwezi uliopita, mwanzoni. Ijumaa.

MAMA: La binti yangu lililetwa Jumatatu iliyofuata. Nimetoka kuliulizia sasa hivi. Koplo kaniambia nisiwe na wasiwasi, liko mahali salama.

Fundi Baridi aliweka kikombe chini bila kukinywa. Mimi nilitafuta pa kutazama, nikaona viatu vya watu wengine vimepangwa kibandani.

HAKIMU: Mama, wewe sheria iko upande wako. Siku kumi zimeandikwa.

MAMA: Nimekusikia, baba. Zimeshapita. Zikipita, anaulizwa nani?

Tulimgeukia Hakimu wote, na yeye akaligeukia geti. Redio aliokota kiatu akaanza kukishona pasipotoboka. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Hakimu na hakikutoka kitu.

Mwishowe Fundi Baridi akavuta mkoba wake wa vifaa.

FUNDI BARIDI: Mimi pale siulizwi. Naingia, nasema nimekuja kuikagua, nachomoa waya mmoja tu. Kufika mchana koplo yuko barabarani na masanduku yote.

Hakimu alitikisa kichwa kukubali, yeye mwenye sheria zake. Redio naye akakubali. Kwa mara ya kwanza kijiwe kizima kilikuwa na neno moja, na Fundi alishasimama.

MAMA: Usiiguse, fundi. Koplo asipoondoka je? La mwanangu bado limo.

Fundi Baridi akakaa. Ng'ambo, kupitia geti, tukawa tunaisikia friji ikinguruma vizuri.