Kadi ya Ijumaa: Wasifu wa Marehemu Delmar Anton Stensrud (1946–2024)

Marehemu aliagiza wasifu wake uandikwe na mjukuu wake, Signe, ambaye ndiye anayeusoma. Wakati anaagiza, Mchungaji alikuwepo kando ya kitanda chake. Marehemu alisema, "Aandike huyo aliyeacha shule. Hajafundishwa kupamba." Kwa hiyo haukupambwa.

Delmar Anton Stensrud alizaliwa tarehe 23 Februari 1946, kwenye shamba la ngano maili sita kaskazini mwa Winifred, Montana. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Torleif na Gudrun Stensrud. Akiwa na miaka sita alikuwa akiokota maganda ya risasi ya baba yake, anayapanga dirishani toka dogo hadi kubwa, kisha anayapuliza mdomoni moja moja yakilia kama filimbi. Mama yake alikuwa akiacha kukanda unga ili asikilize. Siku baba yake alipomkuta, alimchapa kwa mkanda, kwa sababu mate ni maji na ganda linalosubiri baruti halitakiwi kuonja maji. Marehemu alipenda kusimulia kisa hiki. Alikuwa akimalizia kwa kusema kwamba hapo ndipo alipopata elimu yake yote.

Elimu nyingine aliipata katika shule ya Winifred kuanzia mwaka 1952 hadi darasa la kumi, mwaka 1962, mguu wa baba yake ulipovunjwa na trekta akaitwa nyumbani. Alikuwa hodari wa hesabu. Mwalimu wake alimwandikia katika ripoti kwamba ana akili nzuri na maneno mabaya. Ripoti hiyo aliitunza maisha yake yote.

Kuanzia Mei 1968 hadi alipostaafu Septemba 2006, aliendesha greda la kaunti. Wengi mliopo hapa mmepita katika barabara alizozifungua wakati wa theluji. Wengine mnakumbuka pia kwamba aliyegombana naye alifunguliwa njia mwisho, na tuta la theluji likaachwa mbele ya lango lake. Mzee Harlan Voss, aliye mstari wa pili, aliwahi kukaa siku nne bila kutoka kwa sababu alisema kahawa ya marehemu ina ladha ya soksi. Juzi alipokuja kutupa pole alisema, "Ilikuwa na ladha ya soksi kweli." Tukacheka, na naamini marehemu angecheka, halafu angemkumbuka msimu ujao.

Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Idella Marie Fjelstad katika kanisa hili. Mwaka 1974 walipata mtoto wao mmoja tu, na marehemu mwenyewe ndiye aliyempa jina: Wendell, na la pili Torleif, la baba yake. Bibi alisema siku ile marehemu alisimama mlangoni akilitamka jina hilo mara nyingi kama mtu anayejaribu viatu. Waliishi pamoja karibu miaka hamsini. Bibi alipoulizwa siri ya ndoa ndefu alijibu, "Delmar huwa hakosei. Ukishalijua hilo, unabaki na kazi ya kupika tu." Bibi alifariki Machi 2019.

Kazi aliyoipenda marehemu kuliko greda ilikuwa chini ya nyumba, kwenye meza yake ya kutengeneza risasi. Kila ganda alilolipiga alilirudisha nyumbani, akalisafisha, akalitia kiwashio kipya na baruti na kichwa, likawa tayari kwa mwaka mwingine. Alikuwa na ganda moja lililopigwa mara kumi na nne. Kila boksi aliliwekea kadi yenye tarehe ya kujaza, uzito wa baruti, idadi, na herufi za jina la aliyejaza. Mwanachama yeyote wa klabu ya shabaha anazijua kadi za Delmar. Alikuwa akituambia, "Risasi isiyo na kadi ni ya mtu mwingine. Kadi haidanganyi."

Kwa zaidi ya miaka thelathini aliyasafisha maganda kwa njia kavu, akiyatikisa kwenye mashine yenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, kisha akiyapepeta kwa chekeche la unga la Bibi. Vumbi lilipanda ngazi hadi jikoni. Mwanawe Wendell alisoma mahali kwamba vumbi lile lina madini ya risasi na linaingia kwenye damu. Septemba 2011 akamnunulia pipa la mpira linalozungushwa na mota. Ndani ya pipa unatia maji, tone la sabuni ya vyombo, chumvi ya ndimu kidogo na sindano fupi fupi za chuma. Baada ya saa tatu maji yanatoka meusi kama kahawa, na maganda yanatoka kama yametoka dukani. Vumbi hakuna. Ila lazima yakauke. Maji hujificha ndani ya ganda na huyaoni.

Alhamisi, tarehe 3 Novemba 2011, Wendell aliosha maganda ishirini ya kwanza, akayatandaza juu ya taulo kwenye sinia la kuokea, karibu na jiko. Akamwambia baba yake, "Yaache mpaka Jumapili, Baba." Marehemu akajibu, "Nilikuwa nakausha maganda wewe hujajua kukausha pua." Wendell akarudi Lewistown kwenye kazi yake ya ghala la nafaka.

Mwaka huo marehemu alikuwa amepata kibali cha kuwinda elki dume, kulungu mkubwa kama farasi, kwenye magenge ya mto Missouri. Alikuwa ameomba kwa miaka kumi na saba. Jumamosi, tarehe 12 Novemba, alilala juu ya theluji toka alfajiri, na saa tatu asubuhi dume lenye pembe za matawi saba kila upande lilisimama hatua mia mbili mbele yake, likamgeuzia ubavu. Akavuta kifyatulio. Bunduki ilisema ta, risasi haikutoka. Alipotia ya pili nayo ikasema ta, dume lilikuwa limeshashuka gengeni. Hakupata kibali kingine tena.

Jioni ile klabu nzima ilikuwa inamsubiri na supu. Alisema risasi alizijaza Jumatatu, sinia lilikaa siku nne kamili, na bado zilikuwa na maji, kwa sababu aliyeosha hajui kuosha. Kisha akamwonyesha kwa kidole Wendell, aliyekuwa amekuja kwa supu. "Huyo hapo. Nilimwomba mtoto, Idella akanizalia ndoo."

Watu walicheka sana. Toka siku hiyo jina likawa Ndoo.

Si marehemu peke yake. Ndoo kwenye duka la chakula cha mifugo, Ndoo kwenye klabu, Ndoo kwenye daftari la zamu za kanisa. Wengi mliopo mmemwita hivyo, na kwa wema, kama mtu anavyoitwa Mrefu. Mama yangu alipohamia Billings mwaka 2015 alisema amechoka kutambulishwa kama mke wa Ndoo.

Wendell hakuwahi kugomba. Aliamini kweli kwamba kosa ni lake, kwamba labda sinia lilikuwa mbali mno na jiko. Krismasi ya 2016, tukiwa mezani, alimwomba baba yake jambo moja. Alisema, "Baba, uniite jina langu. Hata mara moja kwa mwaka inatosha." Marehemu akamwambia, "Siku utakayoniletea ganda kavu."

Basi kila Oktoba Wendell alileta maganda. Alikausha kwa wiki mbili, akayapitisha kwenye oveni yenye moto mdogo, akaleta mtungi wa kioo unaong'aa kama asali. Kila mwaka marehemu alichukua ganda moja, akalipindua juu ya kiganja chake, akasubiri, akasema, "Tone." Kisha akafunga kiganja. Nilikuwa nakaa upande wake wa kushoto. Kiganja kilikuwa kikavu.

Marehemu alianza kuugua Januari 2021. Figo zilishindwa. Daktari alipima damu, akakuta madini ya risasi ya miaka mingi, akamuuliza anafanya kazi gani yenye vumbi. Marehemu akasema, "Sina kazi, nimestaafu." Baada ya ile asubuhi ya elki alikuwa amelitupa pipa zizini na kurudia magunzi yake. Toka Juni 2022 Wendell aliacha zamu za mchana, akawa anampeleka kusafishwa damu Great Falls mara tatu kwa wiki, zaidi ya maili mia kwenda na zaidi ya mia kurudi, kiangazi na kwenye barafu. Alimwogesha, akamnyoa, akamkata kucha. Marehemu alipotaka kutapika alisema, "Ndoo, lete ndoo," kisha akatutazama sote kuona nani amecheka. Wakati mwingine Wendell mwenyewe alicheka, ili mzee afurahi.

Mwezi uliopita marehemu alinituma chini nimletee bunduki aitazame. Nyuma ya bunduki nilikuta boksi la zile risasi za 2011, kumi na nane zilizobaki, na kadi yake. Toka siku ya elki hakuna aliyeruhusiwa kugusa meza ile. Nilimpelekea kadi badala ya bunduki.

Akasema, "Soma, kama wanafundisha kusoma siku hizi."

Nikasoma: Ijumaa, 4 Novemba 2011. Maganda ishirini. D.S.

"D.S. ni nani?"

"Ni wewe, Babu."

"Basi unajua kusoma."

Nikamuuliza kwa nini alisema Jumatatu, na kumbe alizijaza siku moja tu baada ya maganda kuoshwa. Akasema, "Yalikuwa yanang'aa. Sijawahi kuona ganda linang'aa hivyo, sikuweza kuyaacha pale. Na klabu ilikuwa inangoja na supu. Ilibidi mmoja achekwe. Yeye kijana, nikajua atapona."

"Hakupona."

"Ameshazoea."

Nilimwomba amwite jina lake, mara moja tu, hata bila kumweleza sababu. Akasema, "Kesho." Siku ya pili nikamkumbusha, akasema kesho. Nikamuuliza kama naweza kusema mimi. Akasema, "Nikishakufa sema unachotaka. Kadi si unayo?" Hakunikataza, na hakuomba niichome.

Aliaga dunia nyumbani, Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Wendell alikuwa amemshika mkono na kumlowesha midomo kwa kitambaa. Marehemu alifumbua macho akamtazama muda mrefu kuliko kawaida, na mimi nilisogea ili nisikie. Alisema, "Ndoo." Wendell akaitika, "Naam, Baba." Hakusema kingine.

Mchungaji amesoma maneno haya kabla yenu na kuniuliza kama nina hakika. Kadi imechapishwa nyuma ya ratiba mliyoshika, kwa mwandiko wa marehemu mwenyewe, kama alivyoiandika. Baba yangu hajaiona. Asubuhi hii alikuwa makaburini na moto na sururu, akisaidia kulainisha udongo ulioganda ili kaburi lichimbike. Naomba mumpe nafasi ageuze karatasi.

Marehemu alitanguliwa na wazazi wake, kaka zake Einar na Lyle, na mkewe Idella. Ameacha mjukuu mmoja, na ameacha mtoto mmoja. Mkimaliza hapa mtapanga foleni kumpa mkono wa pole, kisha tutashuka ukumbi wa chini kwa kahawa na mikate ya nyama. Mkifika mbele yake, jina lake ni Wendell Torleif Stensrud. Aliyakausha.

Delmar Anton Stensrud apumzike kwa amani, na mwanawe apumzike angali hai.