Kochi la Meli Lajaribiwa Nchi Kavu

Asubuhi hiyo watu wa kijiwe walikuta benchi lao la mbao limesukumwa kando, na mahali pake pamewekwa kochi refu la kijani, laini kama mkate wa leo. Usidhani walipewa zawadi. Lilikuwa la Sponji, fundi makochi wa jirani. Meli moja kuukuu ya abiria itatengenezwa upya ndani, na wenye meli wametaka kila fundi alete sampuli ya kiti. Atakayependwa atapewa kazi ya sebule nzima. Wakaguzi wanakuja mchana. Karakana ya Sponji ilikuwa haijasikia nyundo siku nyingi, na mwenzake wa kazi ameshaanza kuulizia kibarua kwingine. Basi akalileta kochi kwa watu ambao kazi yao kubwa ni kukaa.

— Kaeni, mniambie ukweli, akasema.

Kapteni, aliyepata jina hilo kwa kuongoza timu ya mpira ya mtaa, akakaa na kikombe chake cha kahawa.

— Linakalika. Ila rangi umechemsha. Abiria akiona kijani atakumbuka majani, atataka kushuka.

— Ashukie wapi, katikati ya maji? akauliza Sponji.

— Ndiyo shida yenyewe.

Daktari, ambaye wagonjwa wake wote ni simu, akatikisa kichwa.

— Rangi si neno. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana yake sebule yote ishushwe chini, tumboni mwa meli, kwenye mizigo. Mkifika, kila mtu na begi lake, hakuna foleni.

— Na madirisha? akauliza Sponji.

— Ya nini? Maji ni yaleyale. Yachore ukutani, yanatosha.

— Wewe ukipewa meli utatuzika, akasema Kapteni. Dawa ni viti vinavyozunguka, kama vya kinyozi. Meli ikikata kona, na abiria wanakata kona. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo? akauliza Daktari.

— Kinaingia polepole.

Sponji akacheka. Raha ilishaanza kumwingia: wanabishania kila kitu isipokuwa kochi, basi kochi halina kasoro.

Hapo akasimama mwalimu mmoja mwenye begi la safari, kununua kahawa. Kila likizo hupanda meli hiyo kwenda kwa wazazi wake.

— Habari zenu, kaka zangu. Kumbe hili mnalobishania ndilo kochi la meli? akauliza, akilipapasa. Zuri kwelikweli. Sasa meli ikiyumba, mtu anashika wapi?

Sponji akalipapasa kochi lake mwenyewe, akitafuta. Kila ukingo ameuviringishia sponji, kila kona ameilainisha, na siku zote amelijaribu juu ya udongo usiotikisika.

— Wewe huwa unashika wapi, dada yangu?

— Hata sijui. Mkono unajua wenyewe.

Sponji akatoa chaki mfukoni.

— Hebu kaa. Kapteni, shika huku. Daktari, kule. Tikiseni.

Wakatikisa. Mwalimu akaguna, na mkono ukaruka nyuma ya bega, kwenye kona ya juu ya mgongo, ukateleza. Sponji akatia alama palepale. Bomba fupi la kushikia linaingia hapo, na muda upo, mchana bado haujafika.

— Na kahawa yangu? akauliza Kapteni, akihema.

— Weka chini. Tikiseni tena, mawimbi hayana adabu.