Ngulube Zetu za Pori Zinakufa ku Kijito

Mugeni rasmi, Docteur Mulumba, munganga wa banyama, tata chef wa quartier, bapasta, bamama na batoto: jambo kwenu bote.

Mi ni Nkambo Ernestine, bibi wa hapa. Bamama benzangu balinichagua nisome. Sikusoma sana, niliishia mwaka ya ine ya primaire, lakini sauti yangu ingali inafika ku nyuma. Nikisimama kupumua, munivumilie.

KARIBU

Docteur, karibu sana. Tulifagia njia toka barabara kubwa mpaka hapa. Unaona biti bya kukalia ni bingi kuliko batu. Tuliazima ku kanisa, tukafikiri bale balihama batarudi kwa siku moja ya leo. Habakurudi. Tuliacha biti bikae tu.

HISTORIA YETU

Zamani tulifuga ngulube mu quartier yetu ya kwanza, pale leo iko shimo ya shaba. Tulipohamishwa, tulipewa nyumba na mabati. Mazizi hayakuwa. Ngulube zikalala inje, kisha zikaingia mu pori kidogo kidogo, sawa mutoto anazoea kulala kwa rafiki, siku moja harudi. Zikazalia kule. Bitoto byao bikaota manyoya marefu na pua ndefu, bikawa ngulube za pori kabisa.

Jioni tuliendelea kugonga sahani kama zamani. Zilitoka mpaka ku mwisho wa majani, zinatuangalia, hazivuki. Mama Fidélie alisema, "Muzitazame, zinatujua lakini zinaona haya." Tulicheka. Ilitupa furaha kuona kitu ya kwetu ingali inaishi.

Ndipo tukaunda kikundi, tukaita Tuikale Pamoja, ni kusema tukae pamoja, tutengeneze mazizi na kuzirudisha.

YALE TULIFANYA

Mazizi tulijenga. Lakini mvua ilipoanza, ngulube zikaanza kufa. Tunazikuta kando ya kijito, masikio yamekuwa mekundu yenye weusi, damu ku pua. Docteur, njaa iko, na nyama ilikuwa mbele ya macho. Hatukula. Tulizika, na batoto tulibakataza kugusa.

Batu ba service ya banyama balituambia: mukipata moja imekufa, mulete bandama, figo na tezi ku laboratoire. Kule bataangalia namna nyama imeharibika ndani, bajue kama ni peste, ile homa ya kuua ngulube, ao kitu ingine. Tulisikia. Kalala, muwindaji wetu, akafungua moja. Bandama ilikuwa imevimba, nyeusi, inavunjika mu mukono kama damu iliyoganda. Figo ilikuwa na madoa mekundu.

Lakini Lubumbashi ni mbali na jua ni kali. Kwetu, nyama ya safari inakaushwa ku moshi. Samaki ni vile, mafunkubala, bale badudu ba kula, ni vile, nyama ya arusi ya mbali ni vile. Basi na ile bandama tukaiweka juu ya moto, tukageuza vizuri, tukafunga mu majani. Papy, kijana muchimbaji, alipita akasema, "Nkambo, muchuzi ya docteur inanukia! Mutaniachia supu?" Tukamufukuza.

Mama Mignonne akaipeleka. Kule kijana mwenye blouse nyeupe akafungua, akaangalia, akasema, "Mama, hii ni chakula. Moto imekula yote yenye tulitaka kuona."

Mignonne akamujibu, "Basi kula, halafu utuambie."

Bakacheka bote babili, akarudi. Toka pale hakuna mutu wa service alikuja tena.

MATATIZO

Hatujui kitu gani inaua. Batu beko na maneno mawili. Bamoja banasema ni peste. Bengine banasema ni maji ya kusafishia mawe ya shaba, yenye kushuka mu kijito. Tulisikia ku redio kwamba peste ya ngulube haishiki mutu. Kama ni ile, tutaikala. Kama ni maji, Docteur, sisi pia tunakunywa yale yale, na tunapaswa kuondoka.

Bengine habakungoja. Numbi, jirani yangu, na batu bake bote beko Sandoa. Mutoto wangu Jémima eko Dilolo, anauzisha chumvi ku mupaka wa Angola. Kila mara ananipigia: "Mama, unangoja nini kule?" Namwambia, nangoja jibu. Anasema, "Nani atakuletea?" Hapo ninamuuliza bei ya chumvi.

Ku mustari wangu wa nyumba, moshi inatoka ku jikoni moja tu, ya kwangu. Nikikohoa hakuna mutu anauliza. Na sasa tukigonga sahani, hakuna kitu inatoka mu majani.

OMBI

Tulishauriwa tuombe paa ya nyumba ya masomo, ambulance, na barabara. Ni bitu bizuri. Leo tunaacha.

Tunaomba moja. Asubuhi hii ngulube moja ilianguka ku kijito. Ingali mupya. Mama Fidélie amekaa pembeni yake na fimbo, anafukuza imbwa na bakunguru. Hatukuigusa. Moshi haikuiona.

Bisu byako na machupa biko mu gari. Ifungue mbele yetu. Angalia bandama, angalia figo, utuambie yale macho yako yanaona. Kama unapaswa kungoja laboratoire, sema hivyo. Kama haujui, sema haujui, lakini useme ukisimama hapa na sisi. Na kama ni maji, usipunguze sauti juu ya kuwa sisi ni bazee. Tutafunga mizigo.

Bukari, ugali yetu, na kuku biko tayari. Tunakuomba ukule nyuma ya kazi. Bukari ikipoa tutaipasha moto. Ile nyama haitakungojea.

Mungu aongoze kisu yako, akupe macho safi, akurudishe muzima kwa batoto bako.

Ni sisi, Bamama ba Tuikale Pamoja, wenye tungali hapa.