Mvua ya Miaka Ishirini na Miwili

Benchi la Waya liko mbele ya kibanda chake cha kutengeneza redio, sokoni Kwa Vonza, nalo lina miguu mitatu na tofali moja. Asubuhi hiyo ya Jumatatu, Novemba 1995, matope ya mvua ya usiku yalikuwa bado yanang'ang'ania viatu, na wenye benchi walikuwa wametimia. Waya mwenyewe, ambaye mama yake alimwita Mbuvi. Treila, yaani mzee Gicheru, dereva mstaafu wa malori ya Mombasa, ambaye sasa anauza kahawa chungu papo hapo. Na Shemasi Muthama, mtu wa koti moja na maoni elfu. Nthenya, karani wa ofisi ya maendeleo ya kanisa, hakuwa mtu wa benchi, lakini siku hiyo aliketi ukingoni, macho yamemtoka, akiitazama kompyuta ya ofisi juu ya meza ya Waya. Ndani ya sanduku lile alikuwa ameingiza, kwa miezi mitatu na kwa vidole vyake mwenyewe, mvua yote aliyoipima mzee Nzomo shambani kwake kila asubuhi tangu 1974. Saa sita mtafiti kutoka kituo cha kilimo cha Kiboko angefika kuichukua. Na kompyuta ilikuwa inawasha taa, inakoroma, halafu inagoma.

— Soma tena, — Treila alisema. — Inasema aje?

— Inasema ile ile, — Waya alijibu. — Ati diski haina system, ile ya kuiamsha. Niweke ingine, nibonyeze.

— Na umeweka?

— Nimeweka namba mbili, nimeweka namba tatu. Inakula, inatema.

— Hiyo ni hewa. — Treila alimimina kahawa kama daktari anayeandika dawa. — Tangi ikikauka, hata ujaze dizeli mpaka juu, lori haiwaki mpaka utoe hewa kwa paipu. Mimi nililala Mtito siku mbili juu ya hewa. Wewe umekausha tangi. Toa hewa!

— Kompyuta haina paipu, Treila.

— Na hizi waya zote nyuma ni za kuanika nguo?

Nthenya hakucheka. Saa ya ukutani kibandani ilisema saa nne na robo.

— Mbuvi, — alisema, na pale benchini hakuna aliyemwita Waya kwa jina hilo bila hasira. — Mimi nilikuletea uangalie kwa nini inakwama. Nilikuambia uifute?

— Ilikuwa imejaa uchafu, vitu vya wale wazungu walioileta. Nikasoma kitabu yake, kikasema format. Nikaandika. Ikaniuliza, ati niko shua, nina hakika? Sasa fundi akiulizwa mbele ya mashine kama yuko shua, aseme nini?

— Na mvua ya Mzee?

— Iko! Mimi nimefuta diski. Skrini sijagusa. Hizo namba zako ulikuwa unaziona wapi?

— Kwa skrini.

— Si basi! Ikiamka tu, utaziona.

Nthenya alitaka sana kumwamini, kwa hiyo alimwamini kidogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia mzee Nzomo, mbele ya mkewe, kwamba kompyuta haisahau. Mzee alikuwa amefurahi mno. Alisema jambo hilo limekuja kwa wakati wake, kwa maana juzi alimwita mbuzi kwa jina la mwanawe.

Shemasi alifunga vifungo vya koti lake, akamgeukia Waya kama hakimu.

— Uliifuta siku gani?

— Jana.

— Jumapili?

— Jumapili.

— Saa ngapi?

— Kama saa nne hivi.

— Tumeisha. — Akavua kofia. — Watu wako ibada, wewe uko hapa unafagia. Nyumba ikifagiliwa saa ya ibada, mwenyewe akirudi anakuta kiti hakuna, anaenda zake.

— Mwenyewe ni nani?

— System.

— Ati system ilienda kanisa? — Treila akauliza.

— Wewe unajua ilienda wapi?

Waya aliweka tena diski namba mbili. Mashine ikakoroma, maandishi yale yale yakajitokeza.

— Ni jua, — Waya akasema, sasa jasho linamtoka. — Hii imezoea baridi ya Ulaya. Tangu Septemba ilikuwa inavumilia. Halafu jana usiku mvua imekuja, imeonja baridi, imekumbuka kwao.

— Basi tuisukume, — Treila akasema, akikunja mikono ya shati. — Gari ikikataa switch inasukumwa. Shemasi, shika nyuma.

— Itaanguka!

— Mwenda pole hajikwai. Shika!

— Mtu asiiguse! — Nthenya alipiga kelele, na hata yeye alishtuka. Syokau, muuza njugu, aliyekuwa akipita na beseni lake, alisimama kuona nani anapigwa. Wanaume watatu wakakaa chini kama watoto wa shule, na kwa aibu kila mmoja akanunua njugu ili mdomo upate kazi.

Nthenya alivuta pumzi. Alilazimisha kichwa chake kukumbuka siku ile kompyuta ilipofika.

— Kulikuwa na kisanduku kidogo cha diski. Ndani zilikuwa tatu, zimeandikwa namba. Hapa ziko mbili. Namba moja iko wapi?

— Mimi nilipewa hizi mbili tu, — Waya akasema.

Shemasi akakohoa.

— Namba moja iko salama.

Wote wakamgeukia.

— Nimeifungia kwa kabati ya Meza ya Bwana, pamoja na vikombe. Kitu cha kwanza si cha kuchezewa sokoni. Malimbuko ni ya Bwana. Na akiba haiozi.

— Shemasi! — Waya alishika kichwa. — Tuko hapa tangu saa moja!

— Hakuna mtu aliniuliza. Mliuliza habari ya hewa.

Ilibidi asindikizwe, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa na ufunguo na yeye hakuwa mtu wa kukimbia. Walirudi saa tano kasoro, diski ikiwa imefungwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Waya aliipokea kwa mikono miwili, akaisukuma mdomoni mwa mashine. Ikakoroma. Ikanyamaza. Ikakoroma tena, sauti nyingine, ya chini, ya mtu anayeamka vizuri. Waya alisoma ukurasa wa kitabu kwa kidole, akaandika neno moja, akangoja, akaitoa diski, akazima, akawasha. Benchi zima lilisimama.

Herufi C ikatokea, na kando yake alama inayopepesa.

— Imeamka! — Treila alipiga paja. — Kahawa ya bure! Nani alisema Kwa Vonza hakuna injinia?

— Ni ile namba moja, — Shemasi akasema. — Msisahau ilikuwa imelala wapi.

Nthenya aliwasukuma kando. Alijua neno la kuuliza kilichomo ndani, akaliandika. Jibu lilikuja kabla hajainua mkono. Mstari mmoja. Jina moja tu, la system yenyewe, ile iliyopandwa sasa hivi.

— Shuka chini, — Waya akasema.

— Hakuna chini.

— Labda zinakuja polepole.

— Zitoke wapi, Mbuvi?

Waya aliinama, akapangusa kioo cha skrini kwa kiganja, taratibu, kutoka juu hadi chini. Kilikuwa safi. Akaendelea kupangusa.

— Maji yakimwagika hayazoleki, — Treila akasema. — Shemasi, lete kikombe niongeze.

Shemasi alisukuma kikombe chake, macho bado kwenye skrini.

— Lakini kwani hii ni kilio ya nini? — Shemasi akauliza. — Si Mzee alikuwa anaandika kwa vitabu vya mazoezi, kila mwaka kitabu yake? Msichana akae chini, apige chapa tena.

Shemasi mwenyewe ndiye aliyeamuru wiki iliyopita kabati la ofisi liondolewe makaratasi ili vitabu vya nyimbo vipate mahali. Na yeye Nthenya, kwa moyo mweupe kabisa, alikuwa amevibeba vitabu vyote ishirini na viwili na kumpa mtu ambaye vingemfaa. Aligeuka polepole.

— Mwaitu, — alimwambia Syokau, kama anavyoambiwa mama. — Zile vitabu nilikupatia Alhamisi, zimebaki ngapi?

— Oo, ulinisaidia, mwanangu! Karatasi nzito, hata mafuta haipiti. Lakini kitabu mzima hakuna. Nilichana zote, nikakunja. Jumamosi kulikuwa na harusi, jana nikauzia watu wa mabasi. Imebaki hii iko kwa beseni.

Treila alifungua mkono wake. Alimwaga njugu kwenye paja, akakunjua karatasi, akaisogeza mbali na macho ya uzee.

— Aprili, sabini na tisa. Tarehe tatu, milimita kumi na mbili. Tarehe nne, hakuna. Tarehe tano, hakuna. Tarehe sita, arobaini na moja. — Akaigonga karatasi kwa kidole. — Hiyo mvua naijua. Ilinishika Kibwezi na mzigo.

Shemasi alikuwa ameilaza yake gotini, akiinyoosha kwa ukingo wa mkono. Aliposema hakuwa na sauti ya Shemasi.

— Hii ni themanini na nne. Ule mwaka wa njaa. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Ni sifuri mpaka chini. — Aliinua uso. — Kila siku alitoka nje kwenda kupima, na hakuna kitu. Na akarudi akaandika.

Basi wakaanza kumwaga njugu. Walimwaga benchini, kwenye kofia, mpaka matopeni, na Syokau mwenyewe akasaidia bila kutaja bei. Nthenya alipanga karatasi zilizonyooshwa juu ya meza, mwaka juu ya mwaka, na machozi yalimdondoka asijifiche. Zilikuwa kumi na tisa. Nyingine zilikuwa zimekwenda Mombasa mikononi mwa abiria, na nyingine zilikuwa zimetupwa nje ya madirisha kabla ya kufika mahali popote.

— Huyo wa Kiboko akifika, tumwambie nini? — Waya aliuliza.

— Huyo si shida, — Nthenya alisema. — Shida ni Mzee.

Ndipo wakamwona. Mzee Nzomo alikuwa akivuka soko kwa mguu, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi, mchangamfu kama bwana harusi. Kwake ni mwendo wa saa nzima, na mara ya mwisho kufika sokoni ilikuwa Jumatano, siku ya kuleta kitabu cha mwisho, cha mwaka huu.

— Habari za mvua! — aliita kutoka mbali.

— Nzuri, — wakaitikia wawili watatu, wakitazama chini. Nthenya alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, akiziba karatasi kwa mwili wake.

— Karibu, Umau, — alisema, kwani alimheshimu kama babu yake.

— Mashine nimesikia ilikuwa mgonjwa. Imepona?

Waya alitazama alama inayopepesa. — Imepona, Mzee.

— Mungu ni mwema. Basi nimekuja wakati mzuri. — Alisogea, akashusha sauti kama mtu mwenye habari ya mtoto kuzaliwa. — Hii ya usiku ni thelathini na nane. Thelathini na nane! Nilipima mara mbili, na mama watoto akaangalia pia. Nikaingia ndani kuandika, nikakumbuka vitabu viko kwako. Sasa, mtoto wangu, naandika wapi?

Mzee Nzomo alitoa penseli nyuma ya sikio, akailamba ncha, akangoja.