Mzee Petro Aule, Fundi wa Kuta Tupu (1931–1987)

Mzee Petro Aule alizaliwa mwaka 1931 huko Lokori, kifungua mimba wa mfugaji Ekiru. Ukame ulipomaliza mifugo, familia ilikuja Isiolo kwa miguu. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, karo ikamtoa, akajifunza useremala. Mwaka 1958 alimwoa Nakal, wakajenga nyumba katika mtaa wa Kiwanjani.

Kazi iliyompa jina ni ukumbi wa Wabera, hapa mjini, uliojengwa 1974 hadi 1976. Msanifu alitaka jengo lisilodanganya: zege tupu, nguzo zionekane zikibeba paa, hata alama za mbao zilizoshika zege zibaki ukutani. Vyuoni wasomi wanabishana kama mtindo huo unaweza kupendeza. Marehemu, aliyeunda mbao za kumiminia zege hilo, hakubishana. Alichagua kila ubao kwa kuangalia mishipa ya mti, akausugua kwa brashi ya waya, maana zege hukumbuka kila kilicholigusa.

Mji ulisubiri plasta. Kwetu, nyumba isiyopakwa ni nyumba iliyomshinda mwenyewe. Siku ya ufunguzi Mzee Abdisalan, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, alimwita kando.

"Fundi, huyu mtoto wako yuko uchi."

"Na ngamia wako, Mzee, ulimpaka rangi lini?"

"Ngamia ananipa maziwa."

"Basi ngoja Februari."

Februari, mabati ya mji mzima yakichoma, wazee walihamishia baraza ndani ya ukumbi, penye ubaridi wa kuta nene. Lakini maneno hayakwisha.

Mwaka 1986 kifua kilichojaa vumbi la saruji kilimlaza hospitalini. Nyuma yake kamati ikaupaka ukuta wa mbele plasta na rangi nyeupe. Hakupata tena usingizi. Aliulizia kuta tatu zilizobaki kama mtu anayeulizia mbuzi fisi akiwa karibu. Habari hiyo Mzee Abdisalan ndiye aliyempelekea mwenyewe, kitandani.

"Tumemvisha."

"Amekaaje?"

"Kama ngamia aliyevaa kanzu."

Marehemu alicheka hadi akakohoa. Kisha akamshika mkono mwanawe Akal. "Plasta hutoka kwa patasi," akasema. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Oktoba 1987.

Ameacha mjane Nakal, watoto Akal, Lokwawi na Ester, wajukuu wanne, na kuta tatu. Kamati inakutana Jumatatu kuamua kama nazo zitapakwa plasta, na wengi wao wamesimama hapa. Kaburi hili litafunikwa kwa zege tupu, lenye alama za mbao zake mwenyewe. Litazameni vizuri kabla ya kupiga kura.

Apumzike kwa amani. Sisi, bado.