Kamanda Kalia!

Siku hiyo benchi la kahawa lilijaa mapema, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, umeme ulikatika tangu alfajiri, na mtaa ukikosa umeme mafundi wote hugeuka wanafalsafa. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: jana jioni, katika kibanda cha video kilichopakana na benchi lenyewe, Kamanda alilia. Kamanda yule yule! Steringi wetu wa picha, aliyepigwa risasi sehemu ya kwanza akaing'oa kwa meno, sehemu ya pili akatupwa mtoni akatoka na nguo kavu, sehemu ya tatu akamaliza jeshi zima bila kukunja uso. Sasa sehemu ya nne, mwanawe kafia hospitalini, na mtu mzima huyo kaketi sakafuni kwenye korido, kamasi zinamtoka, analia. Kibanda kikalipuka. Viatu viliruka, mwenye kibanda akazima picha kabla skrini haijatobolewa, na watazamaji wakatoka nje wameshika vichwa kama waliofiwa.

Sauti ya kwanza kupiga kelele "Zima!" ilikuwa ya Chuma.

Chuma ni fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha, na jina hilo alipewa na benchi. Mwaka jana alizika mtoto wake wa kwanza, kabinti ambako hata meno hakajaota. Akatoka makaburini moja kwa moja hadi karakanani, akamalizia geti la mteja. Benchi likamvulia kofia. "Huyu si mtu, ni chuma," wakasema, na jina likaganda. Mkewe naye alisema lake: "Mimi sikuolewa na geti." Alivumilia miezi, akingoja angalau mumewe alitaje jina la mtoto. Mwezi uliopita alirudi kwao. Kumfuata? Wapi! Steringi hafuati mtu.

Leo Chuma alikuwa amekaa pembeni, kikombe mkononi, miwani myeusi ya kuchomelea usoni.

— Na wewe umevaa miwani ya nini hapa kivulini? akauliza Mashine, kinyozi, ambaye bila umeme hakuwa na kichwa cha kunyoa.

— Mwanga umenipiga machoni. Kazi ya dharura, asubuhi hii.

— Pole. Mimi jana sikulala. Nageuka huku, namwona Kamanda na kamasi. Nageuka kule, kamasi.

— Dalili zilikuwepo, akasema Redio, fundi wa simu, mtu ambaye hajawahi kukosa habari hata pale ambapo hazipo. Sehemu ya tatu aliomba maji akasema "tafadhali". Mkanyamaza. Dalili ya mvua ni mawingu!

— Lahaula! Kweli alisema!

— Hata mlango aliufunga polepole.

— Yalaa! Na sisi tulikuwa tunakula karanga tu, hatuoni!

Mzee Tangawizi, mwenye kahawa na mwenye benchi, alimimina duru nyingine akitikisa kichwa.

— Mnamwonea. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Yule ana mafua.

— Mafua gani ya kumkalisha mtu sakafuni, mzee?

— Hilo la sakafu nalo lina jibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuna kitu alidondosha.

Mashine alipiga paja.

— Hapana, mimi nawaambia ni kitunguu. Walimpaka kitunguu kwenye kope bila idhini yake. Dume lile haliwezi kulia kwa hiari.

— Kitunguu? Redio alicheka kwa huruma. Ndugu yangu, yule si Kamanda. Ni pacha wake. Kamanda mwenyewe alikataa kulia, wakamfungia chumbani, wakamleta pacha. Angalieni sikio la kushoto, ni dogo.

— Mama yangu!

— Ngoja, sijamaliza. Kwa nini wamlize mwaka huu? Mmeona tangazo la sabuni, lile la baba anayefua nepi huku anatabasamu? Mmeusikia ule wimbo mpya, mwanamume anaomba msamaha kuanzia mwanzo mpaka kiitikio? Ni mpango! Wanatulainisha. Kwenye ule mwanga wa skrini wametia kitu. Aliyekaa mbele jana, leo hii keshaanza kulainika.

Mashine alishika kifua. Yeye ndiye aliyekaa mbele.

— Ndiyo maana! Asubuhi mke wangu kaniambia "chai tayari", nikajibu "asante". Neno limetoka lenyewe!

Walimtazama wote kwa hofu. Mzee Tangawizi alimwongezea kahawa bila kuombwa, kama anayempa mgonjwa dawa.

— Kuna yule mwalimu wa wanaume kwenye simu, akaendelea Redio, mwenye gari jekundu. Anasema mwanamume halisi hucheka mara mbili kwa mwaka, na mara ya pili ni kwa makosa. Mkewe alimkimbia, lakini unadhani alitikisika? Karekodi video siku hiyo hiyo!

— Kama Chuma wetu, akasema Mashine kwa fahari. Nani alikuwa wa kwanza kupinga upuuzi ule jana? Chuma! Kabla hata chozi halijafika shavuni, kashasimama. "Zima!" Hilo ndilo dume. Ingekuwa Kamanda kazaliwa mtaa huu, angejifunza kwake.

Chuma alikunywa kahawa iliyokuwa imeshapoa. Hawakujua, na hakuwa na namna ya kuwaambia, kwamba aliposimama jana hakusimama kwa hasira. Kamanda alikuwa ameshika kofia ndogo ya mtoto, anaikunja na kuikunjua. Chuma anayo kama ile, ya sufu, kaificha kwenye boksi la vijiti vya kuchomelea ambako hakuna mkono mwingine unaofika. Macho yalimjaa, na akaona kwa woga mkubwa kwamba atalia mbele ya mtaa mzima. Akapiga kelele kabla hajaumbuka. Alijifungia karakanani akalia mpaka asubuhi, yeye na kofia, na tangu hapo machozi yamekataa kukauka. Alijishangaa kuliko walivyomshangaa Kamanda.

— Hodi hapo. Shikamoo, mzee.

Alikuwa mdogo wa mkewe, ana kamba mkononi.

— Marahaba, binti. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kahawa?

— Asante mzee, sikai. Shemeji, habari za siku? Dada amenituma cherehani yake. Nimekuja na kamba ya kuifungia.

Chuma aliitazama ile kamba. Nguo mke aliondoka nazo, vyombo aliacha, na Chuma alikuwa akijifariji kwa cherehani hiyo moja. Kila jioni huitazama pale dirishani na kujiambia kwamba fundi hatupi chombo chake, atarudi. Sasa kamba ilikuwa imefika.

— Mlango uko wazi, alisema, na sauti ikatoka nyembamba.

Shemeji hakuenda. Aliwatazama mmoja mmoja.

— Mbona mnaonekana kama kuna msiba?

— Kamanda kalia, akasema Mashine.

— Kamanda yupi? Wa polisi?

Wakamweleza wote kwa mpigo: korido, sakafu, kamasi, kitunguu, pacha, mwanga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akiizungusha kamba mkononi.

— Na mkewe alikuwepo?

— Alikuwepo, akasema Redio. Ndiyo kwanza alikuwa anafungua mlango wa wodi.

— Sasa alipomwona mumewe analia, alifanya nini?

Redio alimtazama Mashine. Mashine alimtazama Mzee Tangawizi. Mzee Tangawizi akatazama ndani ya birika.

— Lazima alimdharau, akabahatisha Mashine. Alimcheka.

— Ulimwona akicheka?

— Sikumwona.

— Alimwacha, akasema Redio.

— Ulimwona?

— Tulizima, binti, akakiri Mzee Tangawizi. Hakuna aliyeona.

— Yaani mmekesha mnabishana juu ya picha ambayo hamkuimaliza?

Hapo ndipo tone lilipomponyoka Chuma chini ya miwani, likateremka taratibu mpaka kidevuni. Shemeji aliliona. Benchi lote likaliona. Mashine, rafiki wa kweli, aliruka kumwokoa.

— Ni mwanga wa kuchomelea huo! Umempiga machoni! Kachomelea asubuhi hii!

— Kwa umeme upi? akauliza shemeji.

Mashine aliugeukia waya wa umeme uliopita juu ya vichwa vyao, akamgeukia Chuma, akaweka mkono mdomoni. Redio, kwa mara ya kwanza tangu afungue banda lake, hakuwa na habari.

Chuma alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu, yamevimba, na hayakuwa na haja ya maelezo. Aliiweka benchini, akasimama.

— Shemeji, cherehani iache. Nisubiri hapa, kuna kitu nakichukua karakanani, halafu twende wote kwenu.

— Hivyo hivyo? akashtuka Mashine. Na macho hayo? Vaa basi miwani, mkeo atakuona!

— Ndiyo, alisema Chuma. Anione.

Alitoka karakanani ameshika kikofia cha sufu, hakukificha mfukoni, akaongozana na shemeji yake mpaka wakapinda kona. Benchi liliwasindikiza kwa macho.

— Sasa atafanya nini? akanong'ona Redio.

— Nani, mke wa Kamanda?

— Mke wa huyu.

Mzee Tangawizi aliinamisha birika, likatoa machicha matupu. Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyenyanyuka. Safari hii walitaka kuona mwisho.