Balozi na Mpaka wa Migomba

Kwenye hiace ya kutoka Kayanga, Restuta alitega sikio. Jirani yake, mzee Byarugaba, alikuwa akimhoji binti wa sekondari aliyeigiza balozi kwenye mkutano wa wanafunzi.

“Nchi mbili zinagombea mpaka. Ukasemaje?”

“Nilisema zipande milamula mpakani, babu, kama tunavyotenga mashamba yetu, majirani wakishuhudia.”

“Milamula hung’olewa, mjukuu wangu.”

“Ndiyo maana nikataka watoto wa pande zote mbili waipande wao wenyewe. Hao watakumbuka ilipokuwa.”

Akili iliyoje! Restuta nusura apige makofi. Kijiji kizima cha Kanoni kilijua kwamba mzee hasalimiani na mdogo wake, mwaka wa tisa sasa, kwa sababu ya mpaka wa migomba.

Gari liliposimama Kanoni, mzee alisita mlangoni. “Balozi,” alimwita, “Jumamosi una masomo?”